Viini vya galaksi vinavyobadili sura

Karibu kila galaksi kubwa ina shimo jeusi katikati yake, zito kuliko Jua mara mamilioni au hata mabilioni. Mengi yametulia, likiwemo la galaksi yetu. Lakini gesi ikianza kumiminika kuelekea shimoni, haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka, hujitandaza kama sahani, husuguana, hupata joto kali na kung'aa, mara nyingine kuliko nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa. Hapo ndipo tunaposema galaksi ina kiini amilifu.

Kwa miaka mingi viini hivi vimegawanywa katika aina mbili kuu. Wanaastronomia hutawanya mwanga wa kiini katika rangi zake na kuangalia mistari ya haidrojeni, yaani rangi mahususi ambazo gesi hiyo hutoa. Katika aina ya kwanza kuna mistari mipana, kwa sababu gesi iliyo jirani na shimo hukimbia maelfu ya kilomita kwa sekunde, nyingine ikija upande wetu na nyingine ikienda, na mwendo huo husogeza rangi huku na huku hadi mstari ukatanuka. Aina ya pili ina mistari myembamba tu, itokayo kwenye gesi ya mbali, mamia ya miaka ya mwanga au zaidi kutoka shimoni, inayokwenda taratibu.

Tofauti hiyo ilielezwa kwa pete nene ya vumbi inayozunguka kiini na kukificha ikitazamwa kwa ubavu. Aliyesimama mlangoni pa jiko anaona moto wenyewe. Aliye nyuma ya ukuta anaona moshi tu ukipanda juu ya paa. Moto ni uleule. Ni maelezo mazuri, na kwa viini vingi bado yanasimama.

Ila sisi hatujahama mlangoni, na galaksi haigeuki ndani ya umri wa mtu. Sasa tazama galaksi iitwayo Mrk 1018. Mistari yake mipana ilikuwa hafifu mno, karibu haionekani. Katika miaka ya 1980 ikajitokeza wazi, kiini kikawa cha aina ya kwanza kamili. Miaka kama 30 baadaye, mwaka 2015, darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile ikakikuta kimerudi kule kilikotoka.

Wa kwanza kushukiwa ni wingu lililopita mbele. Hilo hutokea kweli: katika galaksi ya NGC 1365, eksirei zimewahi kuzibwa na mawingu ya gesi kisha kurudi ndani ya siku chache. Kwa Mrk 1018, hata hivyo, eksirei hazikuonyesha dalili ya kuzibwa. Kiini chenyewe kilikuwa kimefifia, maana yake gesi inayoingia shimoni imepungua.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha kiini kingine, 1ES 1927+654. Kilijulikana kama aina ya pili. Mwishoni mwa 2017 kikaanza kuwaka, na ndani ya miezi michache mwanga wake ukaongezeka makumi ya mara. Mistari mipana ambayo haikuwepo ikachomoza baada ya mwako kuanza, mwanga ulipoifikia gesi ya jirani. Kisha katikati ya 2018 eksirei zikakaribia kutoweka, na baada ya miezi kadhaa zikarudi kwa nguvu.

Kasi hiyo ndiyo inayosumbua vichwa. Kwa hesabu za kawaida za sahani ya gesi, badiliko kubwa la kiasi kinachomiminika lingehitaji mamia ya miaka au zaidi, siyo miezi. Kwa 1ES 1927+654 kuna waliopendekeza kwamba nyota ilisogea karibu mno ikararuliwa, na mabaki yake yakaivuruga sahani. Wengine wanasema uga wa sumaku wa sahani uligeuka, kaskazini ikawa kusini. Kwa viini kama Mrk 1018 nyota moja haitoshi kueleza miongo ya mng'ao. Hapo ni sahani yenyewe inayotiliwa shaka: huenda sumaku na msukumo wa mwanga huifanya ivimbe na kuyumba haraka kuliko hesabu hizo zinavyoruhusu.