Kufanyia kazi nyumbani, mtandao uliokatika na mtumishi mpya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jioni ya 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba kesho yake watumishi wa umma wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao majukumu yao yanawalazimu kuwapo kituoni. Wakati huohuo intaneti ilikuwa imeshakatika nchi nzima, na haikuanza kurejea hadi 3 Novemba. Kwa hiyo mtumishi alikuwa nyumbani kwa agizo, na hana mtandao wa kufanyia hiyo kazi aliyoagizwa.

Kwa aliyekaa kazini miaka kumi, hizo ni siku za kukaa na wanawe na kusikiliza redio. Kwa ajira mpya, aliyeripoti Julai au Agosti, yuko kwenye kipindi cha majaribio na bado hajathibitishwa, kila siku ya namna hiyo ina maswali yake. Zinahesabiwa? Msimamizi ataandika nini? Mshahara utakatwa? Na si mara ya kwanza. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na ofisi nyingi za Afrika Mashariki zikashinda zikitazama kioo kinachozunguka tu. Majibu yanayotembea kwenye magrupu ya WhatsApp kila yakitokea haya ni mchanganyiko wa sheria ya Kenya, uvumi wa korido na kumbukumbu za mtu aliyeajiriwa enzi nyingine kabisa. Nayachukua yale yanayorudiwa zaidi, kwa utumishi wa umma wa Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2011.

“Hukuingia ofisini, huo ni utoro. Na wa majaribio akitoroka anafukuzwa.”

Kosa linaloogopwa hapa ni la kutokuwapo kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi, na adhabu yake kweli inafika kufukuzwa. Lakini isome sentensi nzima. Aliyebaki nyumbani kwa tangazo la Serikali hana tatizo la ruhusa: mwajiri mwenyewe ndiye aliyemwambia abaki. Mtandao ukikatika baada ya hapo, yeye hajawa mtoro, amekosa nyenzo.

Hatari iko kwenye daftari la mahudhurio. Kila aliyewahi kufanya kazi serikalini analijua lile daftari la mezani, na mstari mwekundu unaopigwa saa moja na nusu ikishapita. Wiki ya namna ile ikiisha, nafasi za siku zile hubaki tupu. Leo kila mtu anakumbuka kwa nini ziko tupu. Baada ya miezi minane mkuu wa idara amehamishwa, wa sasa hakuwapo, na anachokiona ni jina lako lisilo na saini siku kadhaa mfululizo. Siku ya kwanza ya kurudi, omba nafasi hizo zijazwe maelezo: kazi nyumbani, kwa tangazo la tarehe fulani. Kama ofisi yenu inatumia mashine ya alama za vidole, maelezo hayo yaende kwa afisa utumishi kwa dokezo, maana mashine haijui habari za matangazo.

“Agizo lilimhusu kila mtumishi.”

Hapana. Muuguzi wa zamu hafanyii kazi nyumbani, wala mlinzi, wala fundi wa mitambo ya maji. Aliye kwenye kundi hilo na hakuweza kufika kwa sababu njia hazikupitika anahitaji kujieleza kwa maandishi, tena mapema. Asijifiche nyuma ya tangazo lisilomhusu.

“Siku zilizopotea zinaongezwa juu ya ile miezi kumi na miwili ya majaribio.”

Hili ndilo linalowatesa watu zaidi, na ndilo lenye maelezo marefu.

Kipindi cha majaribio kwa mtumishi wa umma aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni ni miezi 12. Hakuna saa ya ukutani inayosimama mtandao ukikatika na kuanza tena mtandao ukirudi. Siku tano za mwezi wa tatu wa ajira yako ni sehemu ya mwezi wa tatu, ziwe zilikuwa na kazi nyingi au kidogo.

Muda wa majaribio huongezwa kwa uamuzi wa mwajiri. Kanuni za Utendaji Bora katika ajira, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinasema mwajiri anaweza kuuongeza kwa kipindi cha kuridhisha, baada ya kushauriana na mwajiriwa, kama hajaweza kupima ipasavyo iwapo anaimudu kazi. Maneno ya kuyashika ni hayo: hajaweza kupima. Mtu aliyekaa nyumbani siku tano kati ya mwaka mzima hajamnyima mtu nafasi ya kumpima. Lakini mwenye kazi inayofanyika mtandaoni tupu, ambaye kituo chake kimekosa mawasiliano miezi miwili, hoja hiyo inaweza kumfika kihalali. Hapo asikasirike, adai iandikwe. Barua iseme muda umeongezwa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, na atapimwa kwa lipi. Kuongezewa muda kwa sababu kituo hakikuwa na mtandao ni tofauti kabisa na kuongezewa kwa sababu umezembea, na faili lako litabeba hiyo sababu hadi utakapostaafu.

“Miezi 12 ikipita, umeshathibitishwa.”

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani, katika shauri la mfanyakazi wa benki, ilisema kumalizika kwa kipindi cha majaribio peke yake hakumgeuzi mtu kuwa amethibitishwa. Kuna masharti ya kutimizwa. Ilikuwa ajira ya benki, lakini ukienda masijala yoyote ya serikali utaambiwa jambo lilelile kwa lugha fupi zaidi: “Barua yako ya kuthibitishwa iko wapi?”

Kwa hiyo muda unapokaribia kwisha, andika barua ya kuomba kuthibitishwa kupitia kwa msimamizi wako. Wapo wanaongoja waitwe, na hakuna anayewaita. Huko mbele ndiko wanakogundua, wakati wa kuomba ruhusa ya masomo au kupanda daraja, kwamba kwenye kumbukumbu bado ni wa majaribio.

“Wa majaribio anaondolewa wakati wowote, hana pa kusemea.”

Kipande cha sauti kinachosambaa mara nyingi kuhusu hili kinatoka Kenya: miezi sita ya majaribio, notisi ya siku saba, kwaheri. Hicho ni kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Hata huko, mwaka 2021 mahakama ya ajira iliamua kuwa kumnyima wa majaribio haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa kunakwenda kinyume cha Katiba. Anayekitumia kukutisha Dodoma au Kigoma ametoka nje ya mipaka mara mbili.

Kwa Tanzania, zile Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri akutane na wa majaribio mara kwa mara, amweleze anavyoendelea na amwelekeze. Akiona hafai, amwambie wasiwasi wake, amsikilize, ampe muda wa kujirekebisha, na mwajiriwa anaruhusiwa kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Msimamizi ambaye hakukuita hata mara moja, kisha akaja mwisho wa mwaka na hoja ya “mwezi wa Oktoba hukutoa taarifa”, ana kazi ya kujieleza.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba ulinzi ni kamili. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinawaweka nje ya kinga ya kuachishwa isivyo halali wale wenye chini ya miezi sita kazini. Na mtumishi wa umma hakimbilii CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, moja kwa moja kama mfanyakazi wa kiwandani: tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize kwanza njia zilizomo ndani ya utumishi wenyewe, ikiwamo rufaa, na muda wa kukata rufaa ni siku 45. Wengi wamepoteza haki zao hapa, kwa kupeleka karatasi nzuri mlango usio wake.

“Mfumo utakupa sifuri.”

Unaozungumzwa ni mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, e-Utendaji au PEPMIS, ulioanza mwaka wa fedha 2023/24 kuchukua nafasi ya ule wa fomu, OPRAS. Mtumishi anaingiza majukumu yake na utekelezaji, msimamizi anathibitisha. Maoni yangu ni kwamba ni bora kuliko zile fomu za OPRAS zilizojazwa Juni kwa mkupuo, kila mtu akijipa alama za kupendeza. Ila mfumo wa mtandaoni una udhaifu wa wazi: kazi uliyoifanya kwenye kompyuta isiyo na intaneti haionekani hadi uiingize.

Sifuri haitoki kwenye anga. Kuna mtu anayekagua. Uliyoyafanya bila mtandao, kama kuandaa rasimu ya taarifa, kupanga takwimu au kusoma nyaraka za mradi, yaandike kwa tarehe, kisha mtandao ukirudi umpelekee msimamizi siku hiyohiyo na umweleze kipi kimekwama na kwa nini. Ujumbe wa kawaida wa simu uliotumwa wakati mtandao umekatika nao ni ushahidi mzuri: “Mkuu, shikamoo. Nimemaliza jedwali la robo ya kwanza, nashindwa kulituma, nitalileta mkononi.” Unaonyesha tarehe, unaonyesha saa, na unaonyesha mtu aliyekuwa kazini.

“Wamekata mshahara kwa sababu tulikuwa nyumbani.”

Kabla ya kumlaumu mtu, tazama hati yako ya mshahara mstari kwa mstari. Ajira mpya wengi wanafananisha fedha iliyoingia benki na ile iliyotajwa kwenye barua ya ajira, kisha wanatafuta mwizi.

Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi inapigwa kwenye 760,000 iliyobaki: 270,000 za kwanza hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, ambazo ni 20,000, na 240,000 za mwisho zinatozwa asilimia 20, ambazo ni 48,000. Jumla ya kodi 68,000. Bima ya afya ya NHIF asilimia 3, 24,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Zimebaki 548,000, na chama cha wafanyakazi hakijagusa kitu. Hakuna hata shilingi iliyokatwa kwa ajili ya kukaa nyumbani.

Makato ya adhabu yana masharti yake. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamzuia mwajiri kukata bila sheria kuruhusu au mwajiriwa kukubali kwa maandishi. Hata makato ya kufidia hasara yanahitaji kosa liwe la mwajiriwa, apewe nafasi ya kujitetea, na yasizidi robo ya mshahara. Kukatika kwa mtandao wa taifa hakuwezi kuwa kosa la karani wa daraja la pili.

Wala hakuna “mshahara wa majaribio”. Wa majaribio analipwa ngazi kamili ya cheo chake, na waraka ukipandisha ngazi unampandisha naye. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipotoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, hakuna aliyeulizwa kama ameshathibitishwa.

“Siku zile zinatolewa kwenye likizo yako.”

Likizo unaiomba au unapangiwa, kwa maandishi. Kufanyia kazi nyumbani ni kazi.

“Mshahara wa kwanza haukuingia, maana yake ajira imefutwa.”

Hapa ndipo kukatika kwa mtandao kunaweza kukuumiza kweli, na si kwa kufutwa. Ili ulipwe, taarifa zako lazima ziingizwe kwenye mfumo wa kiutumishi na mishahara, HCMIS: namba ya NIDA, akaunti ya benki, cheo, kituo. Mfumo unafungwa kila mwezi kwa ajili ya malipo. Taarifa zikichelewa, iwe mtandao ulikuwa chini au afisa utumishi alikuwa safarini, unasubiri mwezi unaofuata, na ule uliopita unageuka malimbikizo.

Mshahara unahesabiwa tangu tarehe uliyoripoti kazini, si tarehe ya barua wala tarehe uliyoingizwa kwenye mfumo. Ndiyo maana aliyechelewa kuripoti kwa sababu hakuweza kuipakua barua yake kutoka kwenye akaunti ya Ajira Portal, tovuti ya maombi ya ajira serikalini, anapoteza siku kihalali, huku aliyeripoti kwa wakati na kuchelewa kuingizwa hapotezi kitu, ila subira. Tofauti yao iko kwenye karatasi moja: barua ya kuripoti yenye muhuri wa masijala na tarehe. Ukifika kituoni na kuambiwa “mtandao hakuna, njoo wiki ijayo”, usiondoke bila muhuri huo. Muhuri hautumii intaneti. Kisha unapodai malimbikizo, ambatanisha nakala yake, barua ya ajira, na hati ya mshahara wa kwanza ulioingia, ili anayehesabu aone mwenyewe ni siku ngapi zimeachwa.