Fangasi wa Hadithi na Maji ya Kisima: Ufafanuzi kutoka Maabara

Tangu hadithi za kutisha za sauti zianze kuzunguka kwenye simu, hasa ile ya fangasi wa kisima cha Mji wa Kale anayewageuza watu kuwa wafu watembeao, maabara inaletewa maji kwenye chupa za soda na wali wenye madoa mekundu kwenye vibakuli. Hatuna ugomvi na watunzi. Ila msikilizaji ajue palipotiwa chumvi.

Fangasi anayemtawala kiumbe mwingine yupo. Ophiocordyceps unilateralis humwingia sisimizi wa misituni, akampandisha kwenye mmea na kumfanya ang'ate jani mpaka afe hapo. Utafiti wa 2017 ulionyesha kwamba nyuzi za fangasi huyo huizingira misuli, wala haziingii ndani ya ubongo. Kwa hiyo anayesimulia kwamba "alikula ubongo akashika usukani" amekosea hata kwa sisimizi. Halafu kuna joto: kati ya nyuzi 30 na 40 za Selisiasi, kila nyuzi moja inayoongezeka huwashinda takriban asilimia 6 zaidi ya fangasi. Mwili wetu una 37. Candida auris, fangasi aliyetambuliwa Japani mwaka 2009, ameshinda kizuizi hicho, na hospitali humhofia kwa usugu wake kwa dawa. Hamtembezi mtu usiku.

Wali "uliotokwa damu" nao una historia yake. Mwaka 1819, karibu na Padua, Italia, ugali wa mahindi ulipata madoa mekundu na watu wakataja mashetani. Bartolomeo Bizio akaonyesha kuwa ni kiumbe hai, akakiita Serratia. Bakteria huyo hupenda wanga uliolala kwenye unyevu, na rangi yake hukolea penye nyuzi 25 hadi 30, ikapotea penye 37. Mtunzi anayemjaza mgonjwa wekundu huo tumboni ameigeuza sayansi kichwa chini. Wali wa aina hiyo ni wa kutupwa. Tafadhali msituletee.

Anayetaka ajabu ya kweli aangalie bahari yetu hii: Januari 1995, nje ya pwani ya Somalia, setilaiti ilinasa mwanga wa bakteria ulioenea kilomita za mraba 15,400, usiku tatu mfululizo.

Mwenye shaka na maji yake achukue kwanza chupa iliyotakaswa kutoka maabara. Usiisuuze: kwa maji yenye klorini, ndani mna thiosulfeti ya sodiamu ya kuizima klorini hiyo. Kwenye mfereji wa chuma, ondoa mpira, futa mdomo wake, uchome kwa moto, kisha acha maji yatiririke dakika 2 hadi 3. Kwenye kisima, teremsha chupa kwa kamba safi bila kugusa kuta. Acha nafasi ya hewa ya sentimita 2.5. Andika mahali, tarehe na saa. Weka kwenye kasha la barafu bila kugandisha, ifike ndani ya saa 6. Ikipita saa 24 tunaikataa. Chupa ya soda tunaikataa papo hapo, kwa sababu mabaki ya sukari hulisha bakteria njiani na majibu yatakuwa ya chupa, si ya kisima.

Tunachotafuta ni E. coli, bakteria ambaye ni dalili ya kinyesi. Katika mililita 100 za maji ya kunywa inatakiwa iwe 0. Ikizidi, chemsha maji mpaka yatokote, kisha kagua umbali wa choo cha shimo, chako na cha jirani.