Kukalibreti spindeli siyo kubadilisha namba

Nimesikia tena fundi anasema "spindeli nishaikalibreti" (spindeli ni ule mhimili wa mashine unaozunguka na kisu), ukimuuliza umefanyaje anakwambia kaingia kwenye setingi kachezea namba mpaka skrini ikasoma mizunguko 3000 kwa dakika kama alivyoiamuru. Hapana jamani.

Kukalibreti ni kulinganisha usomaji wa mashine na kipimo kingine unachokiamini, halafu unaandika tofauti. Hata usipogusa setingi yoyote umeshakalibreti. Kugusa setingi kunaitwa kurekebisha, kazi nyingine hiyo.

Na neno lenyewe halifichi kitu. Linatoka kwenye kaliba, ule upana wa ndani wa mtutu wa bunduki, na kaliba wengi wanaifuatilia hadi kwenye Kiarabu qalib, yaani umbo la kumiminia chuma, ambalo sisi tunalo siku zote: kalibu. Kitu kilichotoka kwenye kalibu unakijua kimekaa sawa kwa kukirudisha kwenye kalibu, hukiulizi chenyewe. Kiswahili kina njia yake pia, kugeza, ndo tukapata kigezo. Sasa ukiirekebisha mashine kwa kufuata jibu lake yenyewe, kigezo kiko wapi hapo?

Kwenye CNC (mashine inayoongozwa na kompyuta) ya mkanda ndo inaniuma zaidi, maana sensa mara nyingi iko kwenye mota na spindeli iko ng'ambo ya mkanda, kwahiyo skrini inachukua mizunguko ya mota inapiga hesabu kwa uwiano wa puli ulioandikwa ndani inakuletea jibu, spindeli yenyewe haijaulizwa. Kuna zingine hazina sensa kabisa, zinakurudishia tu ile S, yaani spidi uliyoandika kwenye programu. Mkanda wa V unateleza kidogo hata ukiwa mzima (wa meno hautelezi), na hayo skrini haiyaoni.

Bandika kipande cha stika inayoakisi kwenye spindeli, pima kwa takometa ya leza (kipima mizunguko) kwenye 1000, 2000 na 3000, spidi moja haitoshi. Ukipata 970, 1940 na 2910 ujue upungufu ni asilimia 3 kote, hapo kwanza kagua uwiano wa puli, pengine mtu alipima kipenyo cha nje wakati mkanda wa V unakaa ndani zaidi. Ukikuta pungufu ya 40 ileile kila spidi, angalia ile volti ya 0 hadi 10 inayoenda kwenye inveta (kifaa kinachopanga spidi ya mota). Na kama tofauti inatokea pale tu kisu kinapokula chuma, mara nyingi huo ni mkanda unateleza, hakuna namba ya setingi itakayouponya, ukaze au ubadilishe.

Kwahiyo ndugu yangu ulichofanya ni kurekebisha, na siyo kosa, ila umekitanguliza. Anza na takometa, andika, ndo urekebishe, halafu pima tena spidi zilezile.