Kukokotoa Kiwango cha Mbolea ya Mahindi Kulingana na Udongo

Shamba la kichanga na shamba la udongo mwekundu wenye tindikali yakipewa mbolea ileile kwa kiasi kilekile, yote mawili yanaweza kumwangusha mkulima, kila moja kwa njia yake. Kwenye kichanga, mvua huiosha naitrojeni ikashuka chini ya mizizi. Kwenye udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi, fosfati (fosforasi iliyo kwenye mbolea) hunaswa na udongo wenyewe, na mahindi yaliyopewa mbolea bado huonyesha majani ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi.

Kwa hiyo anza na kipimo. Tembea shambani kwa mtindo wa zigizaga, chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi (ndoo iliyowahi kubeba mbolea huharibu majibu yote), kisha toa nusu kilo, anika kivulini na upeleke maabara. Ruka kichuguu, zizi la zamani, chini ya miti na kingo za shamba. Sehemu ya bondeni na ya mlimani zipimwe mbalimbali.

Majibu yakifika, tazama kwanza pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo. Ikiwa chini ya 5.5, alumini huanza kudumaza mizizi na kuongeza mbolea pekee hakutasaidia sana. Weka chokaa ya kilimo kwa kiasi kilichopendekezwa, uichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiichanganye na urea (mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni) wala DAP (mbolea ya kupandia yenye fosfati na naitrojeni), kwa sababu naitrojeni yake itapotea hewani kama gesi ya amonia.

Makosa mengi hutokea kwenye hesabu. Lebo ya mfuko huandika fosforasi kama P2O5, ilhali baadhi ya maabara huandika P tupu. Kilo 1 ya P ni sawa na kilo 2.29 za P2O5, hivyo anayezichanganya hupunguza au kuzidisha fosforasi zaidi ya mara mbili.

Tuseme umeshauriwa kilo 60 za naitrojeni na kilo 30 za P2O5 kwa hekta. DAP ina asilimia 46 ya P2O5 na 18 ya naitrojeni: 30 gawanya kwa 0.46 ni kilo 65 za DAP, ambazo tayari zimeleta karibu kilo 12 za naitrojeni. Zimebaki 48. Urea ina asilimia 46, hivyo unahitaji takriban kilo 105. Kwa ekari moja ni kama kilo 26 za DAP na 42 za urea.

Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, hekta ina mashimo 44,444. DAP inakuwa gramu 1.5 hivi kwa shimo, kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kisoda ni kipimo kizuri, ila kwanza jaza visoda 20 vya mbolea hiyohiyo, upime uzito wote, ugawanye kwa 20. Punje za mbolea hazilingani uzito.

DAP iwekwe shimoni na kufunikwa udongo kabla ya mbegu. Ikigusana na mbegu, huiunguza. Urea ya kukuzia igawanywe: nusu mahindi yakifika magotini, nusu kabla ya mbelewele. Kwenye kichanga kugawanya huku si hiari. Fukia urea kwenye udongo wenye unyevu, maana ikiachwa juu ya ardhi kavu sehemu yake hupotea kama amonia.

Udongo uliochoka kabisa, wenye mboji kidogo, unaweza usiitikie mbolea hata ikiwa hesabu ni sahihi. Hapo samadi au mboji itangulie, na upungufu wa zinki au salfa uchunguzwe. Mistari myeupe karibu na shina la jani changa ni dalili ya zinki.

Acha pia kanda tatu ndogo za majaribio: moja ipate kila kitu, moja ikose naitrojeni, moja ikose fosfati. Kwa ukanda usio na fosfati, mbolea ya kupandia isiwe DAP. Naitrojeni yote itoke kwenye urea. Ukanda usio na naitrojeni nao usipate urea wala DAP, kwa kuwa zote zina naitrojeni; fosfati yake itoke kwenye mbolea isiyo na naitrojeni. Wakati wa kuvuna, pima kila ukanda peke yake. Pale mavuno yaliposhuka zaidi, ndipo kirutubisho kilichokosekana kilipohitajika zaidi, na hicho ndicho cha kutengewa fedha kwanza msimu ujao.