Ukitaka kazi ya masoko, anzia kwa Mangi

CV za vijana wa masoko ninazopokea zinafanana mno. Anajua kutengeneza matangazo ya Instagram, anajua kuhariri video, anataka kuwa meneja wa chapa. Nikimuuliza kijana huyo Mangi, yaani mwenye duka la mtaani, pale Manzese anabaki na shilingi ngapi akimaliza kuuza katoni moja ya sabuni, anatazama dari.

Zile P nne alizozipanga McCarthy, mwalimu wa masoko Mmarekani, mwaka 1960, yaani bidhaa, bei, mahali na promosheni (kwa Kiingereza zote zinaanza na P), wote wamezikariri. Kwenye CV naiona ya mwisho tu. Kwa soko letu, mimi ningeanza na mahali.

Chukua M-Pesa. Wengi wakiisimulia husimulia tangazo: Safaricom ilipoizindua Kenya, Machi 2007, ujumbe ulikuwa tuma pesa nyumbani, basi. Ni ujumbe mzuri, sibishi. Lakini ulitoka wapi? Majaribio ya 2005 yalilenga watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Wateja wakawa wanaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na waendeshaji wakaifuata tabia hiyo. Tangazo lilikuja baadaye.

Kisha kulikuwa na kibarua kigumu zaidi: mawakala. Mama aliyetumiwa pesa kijijini asipokuta wa kumpa taslimu, hiyo huduma kwake ni hadithi. Mwenye duka naye hafungii mtaji wake kwenye floti, yaani pesa ya kuhudumia miamala, kama wateja hawaji, na wateja hawaji kama wakala hana floti. Dawa ilikuwa kumlipa wakala. Alipata kamisheni kwa kumsajili mteja, na akapata nyingine mteja alipoweka pesa, ingawa mteja mwenyewe kuweka ni bure. Kampuni iligharamia tabia iliyotaka ijengeke. Huo ndio mkakati, na hauonekani kwenye televisheni.

Mambo haya hujifunzwa kwenye ruti. Ukiwa afisa mauzo unayezunguka madukani utaona kwa nini mafuta ya kupima yanaishinda chupa ya lita nzima yenye tangazo zuri: mteja analipwa kwa siku, ananunua kwa siku. Utajua Mangi anapanga mbele bidhaa ya nani, na kwa nini (mara nyingi ni kwa sababu msambazaji amemkopesha wiki mbili). Toka hapo unaweza kuwa msimamizi wa eneo, kisha ukaingia ofisini kupanga promosheni za madukani, kisha chapa. Wapo wanaokata kona kwenda utafiti wa soko au kampuni za matangazo. Wanaouzia kampuni nyingine, saruji kwa wakandarasi kwa mfano, wana dunia yao ya zabuni na subira. Wanaoiweza ni wachache, kwa hiyo hugombaniwa.

Masoko ya mtandaoni siyadharau. Ila anayejua kusoma takwimu nampa kazi kabla ya anayejua kupamba picha.

Ukipata hiyo kazi ya ruti, kabla hujasaini uliza jambo moja: kamisheni inahesabiwa kwa mzigo ulioingia kwa msambazaji, au uliotoka kwake kwenda madukani? Ikiwa ni wa kwanza, tarehe 28 utakuwa unambembeleza msambazaji ajaze stoo ili ufikishe malengo, na mwezi unaofuata hatapokea simu yako.