Kuandikisha mtoto shule Marekani hakuhitaji kadi ya kijani

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili waliohamia vitongoji vinavyopanuka kasi nje ya Dallas na Columbus, huzunguka ujumbe usemao: "Bila kadi ya kijani (green card, kibali cha ukaazi wa kudumu) au namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), mtoto hapokelewi shule ya umma." Si kweli. Tangu uamuzi wa mahakama mwaka 1982, shule za umma haziruhusiwi kumkatalia mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Namba hiyo ikiombwa, kuitoa ni hiari.

Mkanganyiko unaeleweka. Karani huomba "uthibitisho wa makazi", na mzazi hudhani ni kibali cha kuishi nchini. Kinachotakiwa ni anwani, kuonyesha kwamba unaishi ndani ya wilaya ya shule, yaani eneo linalohudumiwa na shule hizo: mkataba wa pango, au bili ya umeme au maji. Mpaka wa wilaya hiyo unaweza kupita katikati ya barabara, na jirani wa ng'ambo akawa wa wilaya nyingine. Beba pia cheti cha kuzaliwa au hati nyingine ya umri, na kadi ya chanjo. Familia iliyohifadhiwa kwa ndugu kwa kukosa nyumba imwombe msaada afisa wa wilaya ya shule anayeshughulikia wanafunzi wasio na makazi: mtoto huanza mara moja, nyaraka zifuate.

Ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze. Fungua tovuti ya wilaya yako, ukurasa wa uandikishaji, uisome orodha mwenyewe. Kiingereza kikikwama, omba mkalimani. Shule humtafuta bila malipo, na mtoto asigeuzwe mkalimani.