Wakili hana shamba

Jumapili iliyopita kanisani nimelisikia tena neno uwakili. Mgeni rasmi, mheshimiwa mbunge, kasimama mbele ya waumini na kusema: "Misitu hii Mungu ametupa. Sisi ndio mawakili, kwa hiyo ni yetu." Makofi. Kisha mzee wa kanisa akatangaza kwamba uwakili wa mwezi huu umeshuka, akimaanisha bahasha za sadaka.

Uwakili ni kutunza mali ya mwingine kwa niaba yake, na kumtolea hesabu. Sadaka imo humo, ila ni kipande tu.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, wakil, mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe. Ndiyo maana wa mahakamani naye tunamwita wakili: akikushindia kesi ya shamba, shamba haliwi lake. Watafsiri wa Biblia walilitumia mahali Kigiriki kinaposema oikonomos, yaani msimamizi wa nyumba ya bwana wake. Yule wa Luka 16 anaambiwa wazi, "Toa hesabu ya uwakili wako." Na hiyo oikos, nyumba, ndiyo iliyozaa ekonomia, yaani uchumi, ikazaa na ikolojia, elimu ya viumbe na mazingira yao. Lugha ya Waziri wa Fedha na ya bwana misitu zimetoka chini ya paa moja, ingawa bungeni huwezi kujua.

Wanaopenda "ni yetu" hukimbilia Mwanzo 1:28, "mkatawale", wakafunga kitabu. Wangegeuza ukurasa tu. Mwanzo 2:15 mtu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza", na hilo kuitunza kwa Kiebrania ni shamar, mzizi ule ule wa neno la Kaini anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White, katika jarida la Science, aliulaumu Ukristo wa Magharibi kwa kumzoeza mtu kuamini kwamba viumbe vyote vipo kwa ajili yake. Wakristo wengi walikasirika. Mimi nikisikia hotuba kama ile ya Jumapili, hasira hiyo naikosa.

Tena mheshimiwa, kama mtunga sheria, hakuhitaji hata Biblia. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini, si mwenyewe. Ibara ya 27 ya Katiba nayo inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili, asiyesali akiwemo.

Sidhani alikuwa na nia mbaya. Miche aliyokuja nayo tuliipanda, na alishika jembe mwenyewe. Akialikwa tena abadilishe neno moja tu. Badala ya "ametupa", aseme "ametukabidhi".